Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Mkoa wa Kigoma: mgonjwa wa kiharusi asirudishwe nyumbani kabla hajapimwa kumbukumbu

Kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa halmashauri zote za mkoa wetu.

Yah: Kumbukumbu za wagonjwa wa kiharusi

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Ombi langu nalisema mapema ili asiye na muda asilikose. Mgonjwa wa kiharusi asitoke wodini kabla hajapimwa kumbukumbu, na yeye pamoja na ndugu anayemuuguza wasiondoke kabla hawajafundishwa namna ya kuishi na kumbukumbu iliyopungua. Kwa sasa tunafundishwa kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumnyoosha mkono, kumsimamisha na kumtembeza. Tunashukuru kwa hayo. Lakini habari ya kichwa chake hakuna anayeigusa, na kichwa hicho hicho ndicho kinachokabidhiwa vibahasha vya dawa na kadi ya kliniki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Kaka yangu mkubwa ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, na alikuwa na presha ya miaka mingi kabla ya kiharusi kumwangusha. Hospitali aliyolazwa sitaitaja, maana wauguzi wake walijituma na hawakufanya tofauti na wanavyofanya wenzao kwingine. Mguu wa kushoto ulilegea, mdomo ukaenda upande. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi akawa anatembea kwa fimbo, mdomo ukarudi mahali pake, na mtaa mzima ukasema amepona.

Hakuwa amepona. Kaka ni mtu wa mali kauli. Anachukua mzigo kwa wanikaji na kwa wenye vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, anausafirisha, pesa ikirudi anawalipa. Daftari hakuwa nalo. Nani anadai nini, magunia mangapi yamekwenda Tabora na mangapi Dodoma, vyote vilikaa kichwani, na mwalo mzima ulimwamini kwa hilo. Aliporudi kazini alimlipa mpagazi mmoja mara mbili kwa kazi ile ile, asubuhi moja. Jioni yake akamkatalia mama mmoja mwanikaji kwamba hajachukua mzigo wowote kwake. Hakuwa anadanganya. Jambo lenyewe halikuwa limeingia kichwani likakaa. Yule mama alilia pale mwaloni mbele za watu, akamwita tapeli, na watu ambao wangemtetea kaka siku zote wakainamisha macho.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kaka aliamka alfajiri, akashika fimbo yake na kuelekea mwaloni. Akaambiwa ziwa limefungwa. Akasikitika, akarudi. Kesho yake akaondoka tena. Habari ile ilikuwa mpya kwake kila asubuhi, na kila asubuhi ilimuuma upya. Lakini ukimuuliza habari za zamani, wakati watu wanavua kwa karabai za mafuta ya taa, anakutajia kipe gani kilikuwa cha nani na nani alimuuzia nani.

Mtaani kwetu maelezo ni mengi. Wapo wanaosema ni upepo mbaya, wapo wanaosema karogwa na washindani wake, na wapo, hawa ndio wabaya zaidi, wanaosema anajifanya ili asilipe madeni. Hakuna mtu wa hospitali aliyetupa maelezo mengine ya kushindana na hayo, kwa hiyo hayo ndiyo yaliyotawala. Ningependa yafuatayo yawe yanasemwa na daktari au muuguzi pale pale kitandani, kwa dakika 10 tu.

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, na sehemu iliyokosa damu hufa. Mtu anapoteza nini, inategemea ni sehemu gani imeguswa. Kwa ndani, usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi, kila upande mmoja. Hiyo ndiyo inayoyafanya mambo mapya yawe kumbukumbu. Katikati ya ubongo kuna thalamasi, na mishipa midogo inayoilisha huharibika kirahisi kwa watu walioishi na presha muda mrefu. Hizo zikiguswa, mtu anaweza kusimulia harusi yake ya miaka 30 iliyopita na asijue kama amekula mchana. Ikiguswa sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, shida inakuwa nyingine: ukimuuliza anajua kwamba ana kliniki Alhamisi, ila Alhamisi yenyewe ikifika wazo halimjii. Halafu ipo kumbukumbu ya mazoea, ile ya kusuka wavu, kuendesha baiskeli, kuchukua udhu. Hiyo inahifadhiwa kwingine na mara nyingi inabaki nzima. Hiyo iliyobaki ndiyo ya kuishikilia, na huko chini nitaeleza namna gani.

Tena si kila kusahau kunatokana na kidonda cha ubongo chenyewe. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na sonona inafifisha kumbukumbu. Usingizi mbovu nao unafifisha, na masikio yasiyosikia vizuri humfanya mtu aonekane amesahau jambo ambalo hakulisikia. Haya yanatibika. Lakini asiyepima atajuaje?

Sasa nije kwenye dawa, maana hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko mahali pengine pote. Wifi yangu alikuwa akimwachia kidonge cha presha kwenye kisahani, kisha anakwenda sokoni. Siku nyingine akirudi anakuta kisahani kitupu na kaka hajui kama amemeza au kimeanguka. Siku nyingine kaka amemeza, amesahau kwamba amemeza, amefungua pakiti na kumeza kingine. Siku nyingine kidonge kipo pale pale, kimelowa jasho la kikombe cha maji. Kliniki wanampima wanakuta presha imepanda, wanamwongezea dawa, wanamsihi asiache kumeza. Anaitikia vizuri kwa heshima zote. Akifika getini maneno yameshapotea.

Watafiti wawili wa Oxford, Pendlebury na Rothwell, walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu kiharusi na kupoteza akili, yaani kumbukumbu na fikra kudhoofika hadi mtu hawezi kujimudu, si wazimu. Waliona kwamba baada ya kiharusi cha kwanza mtu 1 hivi kati ya 10 hupata tatizo hilo kwa kiwango kikubwa, na kwa waliopata kiharusi kwa mara nyingine, idadi inapita theluthi. Maana yake ni kwamba kinga kubwa ya kumbukumbu iliyobaki ni kuzuia kiharusi cha pili. Kiharusi cha pili kinazuiwa kwa dawa za kila siku, na dawa za kila siku zinataka kumbukumbu. Tunazunguka humo humo. Serikali inanunua dawa, inalipa mishahara ya wataalamu, inafungua kliniki za presha hadi kwenye vituo vya afya, halafu yote hayo yanakwama kwa mtu aliyesimama jikoni kwake na kikombe cha maji mkononi, asijue amekuja kufanya nini.

Ipo njia ya kumsaidia mtu huyo, na haihitaji mashine.

Nianze na tunavyomharibu wenyewe bila kujua. Kumjulia hali mgonjwa ni mila yetu, na ni mila njema. Lakini nimekaa pembeni ya kitanda nikaona mambo. Mgeni anaingia, anakaa ukingoni, anapaza sauti: “Unanijua mimi? Hebu nitaje!” Mgonjwa anahangaika, anabahatisha. Akikosea anaambiwa, “Siyo, jaribu tena.” Kaka alimwita mpwa wetu kwa jina la marehemu baba yetu, watu wakacheka kidogo kwa huruma, na tangu siku hiyo kila kijana yule akiingia jina linalotoka ni lile lile la marehemu. Baddeley na Wilson wa Uingereza walilieleza jambo hili mwaka 1994. Watu waliopoteza kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa wasikosee kabisa, kuliko wakiachwa wabahatishe halafu wasahihishwe. Sababu ni kwamba kumbukumbu ya mazoea inalidaka kosa na kulishika, ilhali ile kumbukumbu ya matukio ambayo ingemwambia “hapo nilikosea” ndiyo iliyokufa. Darasani mimi humwacha mtoto akosee ili ajifunze, na kwa mtoto mzima inafaa. Kwa mgonjwa huyu haifai. Mgeni aingie akijitaja: “Shikamoo mjomba, ni mimi fulani, mtoto wa dada yako.” Basi. Hilo nalo lingeweza kubandikwa kwenye ukuta wa wodi kwa karatasi moja.

Jambo jipya analotakiwa kulijua anafundishwa kwa kuachanisha muda. Unamwambia fimbo inakaa nyuma ya mlango, unamuuliza hapo hapo, anajibu. Unasubiri dakika 1, unamuuliza tena. Halafu 2, halafu 4, halafu 8. Akikwama humwachi abahatishe. Unampa jibu, analirudia, mnaanza tena na muda mfupi. Ni kazi ya subira, lakini mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya na babu yake.

Na kubwa kuliko yote ni daftari. Kaka ana kaunta buku inayoning'inia kwenye msumari kando ya mlango, kalamu imefungwa kwa uzi wa wavu. Kila siku ina kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja ya kufanya, upande wa pili yaliyofanyika. Gunia halipandi gari kabla halijaandikwa, na aliyeleta mzigo anatia sahihi au dole gumba. Kumpa mtu daftari peke yake hakusaidii, maana atasahau kwamba analo. Kulifungua lazima kuwe mazoea, na mazoea mapya hujengwa juu ya yale ya zamani ambayo kiharusi hakikuyagusa. Kwetu Ujiji adhana inasikika mara 5 kwa siku, na kaka hajawahi kuhitaji kukumbushwa kwamba adhana ikilia anainuka. Kwa hiyo tukaliunganisha daftari na swala. Akitoka kuswali alfajiri anapita mlangoni, anafungua ukurasa wa leo, anameza kidonge, anaweka alama ya vema. Akirudi tena baada ya dakika 5 akiwa hana hakika, alama anaiona. Rakaa zenyewe huwa zinampotea amefika ya ngapi. Imamu alimwelekeza ashike idadi aliyo na yakini nayo na alete sijida ya kusahau, na aswali jamaa kila anapoweza. Maneno yale yalimtuliza kuliko yetu sote.

Kwa wenzetu wa Kasulu, Kibondo au Kakonko inaweza kuwa kengele ya kanisa, au taarifa ya habari ya redio, au saa ya kufungulia ng'ombe. Na simu zipo. Uingereza waliwahi kuwapa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na mipango, wakiwemo waliopata kiharusi, kidude kidogo cha kuning'iniza kiunoni kinacholia na kuonyesha ujumbe: meza dawa, nenda kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 walitimiza mambo yao vizuri zaidi kuliko kabla ya kupewa. Simu yoyote ya kitochi inayouzwa hapa mjini kwetu, sokoni Mwanga, ina kengele ya saa inayofanya kazi hiyo. Anayehitajika ni mtu wa kukaa na familia, kuitega, na kurudi baada ya wiki kuona kama bado inalia.

Sitaki kuwaahidi msichoweza kukipata. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, wa mwaka 2016 ulikusanya majaribio 13 ya mafunzo ya kumbukumbu, yenye washiriki 514 waliopata kiharusi. Waliofundishwa wenyewe walisema matatizo yao yalipungua mara tu baada ya mafunzo, lakini haikuonekana kwamba nafuu hiyo iliendelea kwa muda mrefu, na tafiti nyingi hazikuwa na ubora wa kutosha. Mimi nayasoma hivi: mafunzo ya wiki chache yakiisha na mtu akaachwa peke yake, faida inaisha nayo. Ndiyo maana siombi jengo wala kitengo chenye kibao mlangoni. Naomba huduma inayomfuata mgonjwa nyumbani.

Kwenye kupima, msichukue vipimo vya kuchora saa na mchemraba mkampa mama wa miaka 65 ambaye hajawahi kushika kalamu, kisha mkamwandikia kwamba amepoteza akili. Kipo kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa na kujaribiwa nchini mwetu, wilayani Hai, kwa ajili ya wazee ambao wengi wao hawakusoma. Mgonjwa anapanga njiti za kiberiti, anataja wanyama, anarudia maneno aliyosomewa. Kilikusudiwa hasa kugundua ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kwa hiyo wataalamu wenu watazame namna ya kukitumia kwa kiharusi, na kwa mgonjwa ambaye kiharusi kimemfunga ulimi au kimempooza mkono. Lakini pa kuanzia papo, na pametoka hapa hapa.

Kwenye kufuatilia, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024. Wanatembelea kaya kwa ajili ya wajawazito, watoto, kifua kikuu. Wakiingia kwenye kaya yenye mtu aliyepata kiharusi wafungue daftari lake, watazame alama za vema, wapime presha, wamuulize anayemuuguza analalaje. Kwa vijiji vya mwambao wa kusini kama Buhingu na Kalya, ambako mgonjwa kufika mjini ni safari ya ziwani au ya barabara mbovu, huyo mhudumu ndiye hospitali yenyewe. Anayemuuguza mgonjwa naye ni wa kuangaliwa. Wifi yangu amekonda, ameacha genge lake, na hakuna karatasi yoyote mahali popote inayomtambua kwamba anafanya kazi.

Wataalamu wa tiba kazi wanafundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kazi yao hasa ni hii ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku. Tutangazieni mkoa mzima unao wangapi na wako wapi, na kama hawatoshi ombeni kibali cha ajira mkitaja wazi kwamba ni kwa ajili ya utengamao, yaani kuwarudishia uwezo, wa wagonjwa wa kiharusi. Wakati tunawasubiri, muuguzi mmoja na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia kutoka kila halmashauri wanaweza kupewa mafunzo ya siku chache na kuwafundisha wengine.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo. Mnapopeleka maoni ya mkoa kuhusu kitita cha mafao, andikeni kwamba utengamao wa kumbukumbu uwe ndani yake pamoja na mazoezi ya viungo. Sera ya Taifa ya Wazee inawataja wenye miaka 60 na kuendelea, na kaka hajafika. Wengi ninaowaona kwenye benchi la kliniki ya presha hawajafika.

Na hesabuni. Nchi yetu ilishapima kiharusi kwa umakini huko Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilipata watu 315.9 kwa kila 100,000 kwa mwaka na Hai 108.6. Kiwango cha Dar es Salaam kilizidi viwango vya nchi nyingi tajiri. Kigoma tunahitaji rejesta moja, ya mkoa wote, inayoandika aliyelazwa kwa kiharusi, kumbukumbu zake zilivyokuwa siku ya kutoka, na kama anameza dawa baada ya miezi mitatu. Bila hiyo, mwaka ujao nitakuja na habari za kaka yangu tena, nanyi mtanijibu kwamba huyo ni mtu mmoja.

Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri huandaliwa kabla ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Naomba uwemo mstari wa kupima kumbukumbu kabla ya kumruhusu mgonjwa, kuchapa karatasi ya maelekezo kwa familia, na kununua kaunta buku na kalamu kwa kila anayetoka. Karatasi hiyo mimi na walimu wenzangu tuko tayari kuiandika bila malipo, kwa Kiswahili na kwa Kiha, wataalamu wenu waihakiki. Tuteulieni mtu wa kukaa naye, nasi tutafika siku atakayoitaja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ujiji, Kigoma